Jinsi ya kuyafuata maji ndani ya korodani ya beberu

Tafuta korodani mbili za beberu mmoja, uzipate zikiwa bado na joto. Mimi huzifuata machinjioni hapa Morogoro saa kumi na mbili asubuhi, kabla watu wa supu hawajajaa. Mwambie mchinjaji tangu jana yake, na umwambie neno hili hasa: asizimenye. Mchinjaji aliyezoea kazi humenya korodani kwa mikato miwili tu, na katika mkato wa pili huiondoa ile nyama laini iliyoshikana nayo ubavuni na kuitupa pamoja na ngozi. Hiyo inayotupwa ndiyo epididimisi, njia ya mbegu kutoka korodani, na somo lote limo humo. Nimewahi kurudi darasani na korodani sita safi kama mayai, wanafunzi 30 wananisubiri, na sikuwa na cha kuwaonyesha.

Nimefundisha uzazi wa mifugo kwa miaka 22. Katika miaka hiyo nimewaona wafugaji na wataalamu kwa pamoja wakimpima beberu kwa jambo moja, ukubwa wa korodani. Ukubwa una maana yake, sikatai. Lakini korodani ni kiwanda kinachosafirisha mali yake ndani ya maji mengi, na maji hayo yasipoondolewa njiani, kiwanda hufurika na kufa. Mahali pa kuyaondolea ni padogo kuliko kidole gumba, juu kabisa ya korodani, na ni wachache wanaopapasa hapo. Hata mimi sikupapasa, na mama mmoja wa Mgeta akapoteza misimu miwili kwa sababu hiyo.

Beberu wa Mgeta

Mgeta iko juu kwenye Milima ya Uluguru. Mbuzi wa maziwa wa Kinorwe walifikishwa kule miaka ya 1980 kupitia Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na wengi wa wafugaji wa kule wanajua maziwa ya mbuzi kuliko sisi wa mjini. Mama huyu alikuwa na majike 14. Alinunua beberu wa mchanganyiko kwa jirani: mweupe, kifua kipana, hana pembe, na korodani zake zilijaa mkono. Baba yake hana pembe, mama yake hana pembe. Watu walimsifu kwa hilo, maana beberu asiye na pembe haumizi watoto wala hachani ngozi za wenzake bandani.

Alipanda vizuri sana. Baada ya siku 21 majike yakarudi kwenye joto, karibu yote. Akapanda tena, yakarudi tena. Mwisho wa msimu walizaa wawili tu, na vitoto vyote viwili vilikuwa na madoa ya beberu wa nyumba ya pili. Mama akaniita. "Daktari, hebu niangalizie haya majike, yana nini?" Nikayaangalia majike. Nikampapasa na beberu: korodani kubwa, mkia wa epididimisi, yaani ncha yake ya chini, upo pande zote mbili. Nikamwambia aongeze madini na majani ya lukina. Aliongeza, akasubiri msimu mwingine, na hakupata kitu.

Beberu alipochinjwa niliomba korodani zake. Juu, upande wa kulia na upande wa kushoto, kulikuwa na vinundu vigumu kama punje za karanga. Nilipovikata vikatoa uji mzito wa manjano, kama jibini iliyoharibika. Zilikuwa mbegu zilizokwama. Korodani moja ilikuwa imevimba na kulowa, ya pili imesinyaa, na kisu kilipopita ndani yake kilikwaruza kama kimegusa mchanga, kwa sababu chokaa ilikuwa imejijenga humo. Mikia yote miwili ilikuwa mitupu. Nilikuwa nimeipapasa mikia ile kwa mikono yangu na sikujiuliza mbona ni laini hivyo.

Tangu siku hiyo sianzi somo la uzazi wa dume kwa picha ubaoni. Naanza kwa korodani mezani, na wanafunzi wanayafuata maji kwa vidole vyao.

Vifaa, na tahadhari isiyorukwa

Vaa glovu. Kimeta, homa ya Bonde la Ufa na brusela hupita kwenye damu na majimaji ya mnyama, na brusela ya mbuzi hupenda sana viungo vya uzazi. Usichukue korodani ya mnyama aliyekufa mwenyewe au aliyekataliwa na mkaguzi wa nyama.

Vingine ni vyepesi: wembe mpya, mkasi mdogo wa kushonea, sindano mbili za kushonea nguo zilizochomekwa kwenye vijiti, bomba la sindano la mililita 5, chupa ya dripu ya chumvi ya asilimia 0.9, sahani nyeupe, karatasi za kupimia asidi, na hadubini kama ipo. Lenzi ya mkononi inatosha kwa nusu ya kazi. Korodani zibebe kwenye mfuko wa nailoni, na mfuko huo uufunge kwa taulo kabla ya kuuweka juu ya barafu. Barafu ikizigusa moja kwa moja utaua mbegu, na nusu ya raha ya somo hili ni kuziona zikicheza.

Kufungua

Lalisha korodani kwenye sahani kama inavyoning'inia kwa mnyama, mishipa ikiwa juu. Kata ganda la nje kwa mkasi kutoka juu hadi chini, polepole, huku umeliinua kwa kidole. Likifunguka utaona korodani nyeupe inayong'aa, imetambaliwa na mishipa ya damu iliyojipinda, na ubavuni mwake imelaliwa na epididimisi. Kwa mbuzi kichwa cha epididimisi kiko juu, mwili wake ni utepe mwembamba unaoshuka ubavuni, na mkia umening'inia chini kama kifundo. Mwanafunzi azitaje sehemu hizo tatu kwa kuzigusa kabla hajaruhusiwa kushika wembe.

Utepe ule ukiutazama utasema ni kamba. Kumbe ni mrija mmoja tu uliokunjwa na kukunjwa. Wa binadamu ukinyooshwa hufika kama mita 6, na wa fahali hupita mita 30. Nawaambia wanafunzi wapime kwa hatua kutoka mlangoni hadi uwanja wa mpira, halafu waitazame tena ile nyama ndogo kwenye sahani.

Sasa kata korodani yenyewe katikati, kwa urefu, kwa mkato mmoja. Nyama yake ni ya rangi ya udongo mwekundu uliopauka, laini, na itavimbia nje ya mkato. Hizo ni nyuzi za mirija ambamo mbegu hutengenezwa kwa karibu siku 48. Katikati utaona mstari mweupe unaopita toka juu hadi chini, na ndani yake mna wavu wa vijia ambamo mirija yote humwaga. Bonyeza pembeni kwa vidole viwili kuelekea mstari huo, kisha gusisha kioo cha hadubini hapo. Utapata tone dogo, jepesi, karibu kama maji yaliyooshewa mchele. Liweke kando, liandike A.

Nenda mkiani. Toboa kwa sindano mahali ambapo mrija umejaa na kuonekana mweupe kupitia utando, bila kugusa mshipa wa damu. Litatoka tone lenyewe, bila kukamuliwa: zito, jeupe kama tui la kwanza. Hilo ni B. Ongeza matone kadhaa ya dripu yenye uvuguvugu wa mwili juu ya B, maana bila hivyo hutaona mbegu moja moja, utaona ukuta mweupe.

Weka A na B bega kwa bega. Umbali kati ya mahali ulipotoa A na ulipotoa B ni urefu wa kiganja. Maji ya A yamekwenda wapi?

Kuyafuata

Waache wanafunzi wabishane. Wengi husema yamekauka, au yametumiwa na mbegu kama chakula. Kisha wape namba. Mwaka 1966 Voglmayr, Waites na Setchell walichapisha kazi yao ya kukusanya maji moja kwa moja kutoka kwenye korodani za kondoo dume walio hai, wamesimama macho. Kwa kondoo, maji hayo huwa na mbegu kama milioni 100 kwa kila mililita. Mkiani kwa kondoo huyo huyo unahesabu mabilioni kwa mililita. Mbegu hazizaliani njiani, kwa hiyo ni lazima maji ndiyo yaliyopungua. Wapigie hesabu: mililita 100 zikiondolewa asilimia 90, zinabaki 10, na mbegu zile zile sasa zimebanana mara kumi.

Na asilimia 90 hiyo, au zaidi, huondolewa mapema mno, kabla hata ya kuufikia ule mrija mrefu. Rudi kichwani. Kwa zile sindano mbili chambua utando unaofunika kichwa, mahali kinapokutana na korodani. Usivute, tenganisha tu, kama mtu anayechambua pamba. Chini ya lenzi utaona nyuzi nyembamba zinazotoka kwenye korodani na kuingia kichwani, zaidi ya kumi. Hii ndiyo mirija ya kutolea. Kila uzi mmoja ni bomba, na kuta za bomba hilo ndizo zinazokunywa maji.

Hapa ndipo ninapotumia muda mrefu kuliko popote, kwa sababu ukipaelewa hapa umeelewa pia figo. Sisemi hivyo kwa mfano tu. Wakati mnyama angali tumboni, mirija hii huchipuka kutoka kwenye figo ya awali, ile ambayo mwili huijenga na kuiacha. Jike huiacha karibu yote, ila dume hubakiza vijirija vyake na kuvipa kazi mpya. Ndiyo maana seli zake hufanya karibu kazi ile ile ya sehemu ya kwanza ya mrija wa figo, ile inayorudisha maji mwilini yasipotee na mkojo.

Kazi yenyewe ni hii. Upande wa nyuma wa seli, unaotazama damu, kuna pampu zinazotupa sodiamu nje ya seli usiku na mchana. Pampu hiyo ilielezwa na Jens Skou wa Denmark mwaka 1957, akifanyia kazi neva za kaa, na ikampatia sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 1997. Sodiamu ikipungua ndani ya seli, nyingine huingia kutoka upande wa mbele, unaotazama maji ya mbegu. Huingia kwa mlango wa kubadilishana: sodiamu moja ndani, hidrojeni moja nje. Wataalamu wanauita NHE3, na figo inao pia. Chumvi ikishapita, maji huifuata. Hayapiti ovyo, yana matundu yake maalumu kwenye utando, akwaporini, yaliyompa Peter Agre sehemu ya Nobel ya kemia mwaka 2003.

Mwanafunzi ambaye hajashika hilo nampa bilinganya. Kata vipande vyembamba, nyunyiza chumvi upande mmoja, subiri robo saa. Kila aliyewahi kusimama jikoni anajua kitakachotokea: upande wenye chumvi utajaa matone. Chumvi imeyaita maji. Seli hufanya hivyo hivyo, ila yenyewe huisogeza chumvi kwa kulipia nguvu, na maji huenda nayo papo hapo. Ndiyo maana B haiwi ya chumvi kali ingawa maji mengi yameondoka.

Katikati ya seli hizo zinazokunywa kuna nyingine zenye vinyweleo vinavyopiga bila kupumzika. Zamani tuliwafundisha wanafunzi kuwa vinyweleo hivyo husukuma mbegu mbele. Siku hizi nafundisha kuwa kazi yake kubwa ni kukoroga, ili mbegu zisijikusanye na kuziba wakati maji yanapungua. Kama ulishawahi kupika uji ukaacha kuukoroga, unajua kinachofuata.

Nani huipa seli amri?

Swali hili lilinichukua miaka kulijibu vizuri. Pampu na milango haviwekwi na kuachwa. Seli huambiwa itengeneze mingapi na iiweke wapi. Ukimuuliza mwanafunzi ni homoni gani inatawala viungo vya dume, atakujibu testosteroni kabla hujamaliza kuuliza. Kwa sehemu kubwa ya epididimisi yuko sahihi. Kwa mirija ya kutolea, mtoa amri mkubwa ni estrojeni, homoni tuliyozoea kuiita ya kike.

Estrojeni ndani ya dume si jambo geni. Mwaka 1934 Bernhard Zondek alieleza kuwa mkojo wa farasi dume una estrojeni kwa wingi wa kushangaza. Ilibaki kama ajabu tu, kwani haikujulikana inafanya nini humo. Mwaka 1993 nchini Marekani walitengenezwa panya wasio na kipokezi cha estrojeni cha aina ya alfa, yaani kile kinachoipokea homoni hiyo ndani ya seli. Madume yao yakawa tasa. Mwaka 1997 Rex Hess na wenzake walichapisha sababu: maji hayakuondolewa. Mirija ya kutolea ilipanuka, kuta zake zikawa fupi na dhaifu, maji yakarudi nyuma na kuijaza korodani, ikavimba kwanza, halafu kwa shinikizo hilo ikasinyaa. Niliposoma maelezo hayo niliiona tena sahani yangu na korodani mbili za beberu wa Mgeta, moja imelowa na nyingine imekauka.

Amri hupita hivi. Testosteroni hugeuzwa kuwa estrojeni na kimeng'enya kiitwacho aromatesi. Kimo kwenye korodani, na kwa panya kimeonekana hata ndani ya mbegu zenyewe. Yaani mbegu husafiri na barua ya kuomba maji yapunguzwe. Estrojeni huingia ndani ya seli ya ukuta, hukutana na kipokezi chake, na vyote viwili hushika sehemu maalumu za jeni kwenye kiini. Jeni hizo huanza kusomwa, na bidhaa mojawapo ni mlango ule wa NHE3. Panya wasio na kipokezi wana milango hiyo michache sana. Milango ikipungua, chumvi haipiti, na maji hukaa palepale.

Ningependa kila mtaalamu wa mifugo akumbuke hili anapoandikia dawa. Kipokezi hakijui kama kilichokigusa ni homoni ya mnyama au kemikali inayofanana nayo. Na si lazima iwe homoni. Kwa panya wa maabara, kiuatilifu cha ukungu cha jamii ya benomili na kabendazimu kwa dozi kubwa kiliziba mirija hii ya kutolea, na korodani zikavimba kisha zikafa kwa njia ile ile. Mgeta wanalima mboga na wanapuliza. Nawaambia: mabaki ya kabichi na nyanya zilizopuliziwa juzi usimpe beberu, na bomba la kupulizia lisioshwe kwenye hori lake la maji.

Safari iliyobaki

Mwilini na mkiani, kazi ya maji huendelea kidogo kidogo, lakini kuna jambo jipya. Chukua karatasi ya asidi, gusisha tone la B ambalo hujaliongezea dripu, kisha gusisha nyingine kwenye damu ya mnyama huyo huyo. Fanya mapema, maana nyama iliyokufa huzidi kuwa na asidi kadiri muda unavyokwenda, na ukichelewa utakuwa unapima mauti. Damu ni karibu 7.4, na namba ikishuka ujue asidi imezidi. Ndani ya epididimisi huwa chini ya 7, mara nyingi kati ya 6.5 na 6.8. Asidi hiyo ndogo ndiyo inayozilaza mbegu, zisimalize nguvu zao kabla ya siku yao.

Wanaoimwaga asidi ni seli chache zilizotawanyika ukutani, ziitwazo seli angavu. Zinahisi baikaboneti, chumvi inayopunguza asidi. Ikizidi ndani ya mrija, kimeng'enya ndani ya seli hutengeneza kijumbe kidogo kiitwacho cAMP, na kijumbe hicho hupeleka pampu za hidrojeni, zile zinazoleta asidi, mbele ya seli. Kwa panya kuna zaidi ya hapo. Mwaka 2008 kundi la Sylvie Breton lilionyesha kuwa seli za msingi, zile zilizokaa chini kabisa ya ukuta na kudhaniwa hazioni kitu, hunyoosha shingo nyembamba kati ya jirani zao hadi kuchungulia ndani ya mrija. Huko huhisi homoni ya angiotensini, kisha hupeleka habari kwa seli angavu kupitia gesi ya oksidi ya naitrojeni. Napenda sana kuwasimulia wanafunzi hili, kwa sababu tulikuwa tumezichora seli hizo kwenye vitabu kama matofali ya msingi tu.

Daima yuko mwanafunzi atakayenyoosha mkono hapa. "Mwalimu, kama maji yanaondolewa kwa shida yote hiyo, mbona shahawa za beberu zina maji?" Ni swali zuri kuliko yote ya siku. Maji ya shahawa ni mengine. Yanatoka kwenye tezi zilizo karibu na kibofu, na huongezwa dakika ya mwisho, wakati wa kupanda. Yana sukari, na yana baikaboneti inayoamsha mbegu kwa cAMP ile ile. Maji ya kwanza yalikuwa ya kusafirishia tu. Na ndiyo maana beberu wa Mgeta alipanda na akatoa maji kama kawaida bila kuwa na mbegu hata moja ndani yake. Kwa macho hukuweza kumjua.

Sasa nenda kwa beberu aliye hai

Asimamishwe, mwenzako amshike kichwa na kumbana ubavu ukutani. Wewe chuchumaa nyuma yake. Pasha mikono joto, maana mkono wa baridi huzivuta korodani juu na hutapata kitu. Kwa mkono wa kushoto shika shingo ya pumbu kwa upole na uzishushe korodani zote mbili chini.

Anza juu. Hapo ndipo watu huruka. Kwa kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kulia tafuta kichwa cha epididimisi: ni kama kofia bapa iliyolala juu ya korodani, laini kuliko korodani yenyewe. Pitisha kidole taratibu. Unatafuta kinundu, ugumu, au mahali ambapo mnyama anaruka kwa maumivu. Linganisha kulia na kushoto, kisha rudia, kwa sababu mara ya kwanza vidole huwa bado havijajua vinachotafuta. Ndiyo maana nasisitiza za mezani zije kwanza: kidole kilichoshika kichwa kizima cha machinjioni kitakitambua kilichoharibika.

Shuka kwenye mwili wa epididimisi, halafu mkiani. Mkia wa beberu mzima umejaa, mgumu kiasi kama ncha ya pua yako. Mkia laini kama mfuko mtupu, kwa beberu ambaye hajapanda kwa siku kadhaa, ni habari mbaya: hakuna kinachofika. Mkia uliovimba na wenye maumivu ni shauri jingine, fikiria maambukizi na upime damu kwa brusela. Korodani yenyewe ikibonyezwa irudi. Ikiwa imejaa maji na kukaza isivyo kawaida, au imekuwa kama jiwe, rudi juu kichwani.

Halafu papasa paji la uso. Asiye na pembe kwa kuzaliwa ana paji la mviringo na nywele zimelala upande mmoja, na aliyechomwa pembe utotoni ana makovu mawili. Tofauti hiyo ni kubwa. Mwaka 2001 watafiti wa Ufaransa walieleza mabadiliko ya jeni ambayo kwa mbuzi huondoa pembe na pia kuvuruga uzazi. Jike aliyerithi kwa baba na mama huweza kuzaliwa nusu dume. Dume aliyerithi pande zote mbili huonekana mzima, lakini baadhi yao wana mirija ya kutolea isiyofika popote, imeishia njiani kama barabara ya mradi ulioachwa. Mbegu hujaa, hupasua, na kinundu kikaota. Kwa hiyo kama majike yako hayana pembe, nunua beberu mwenye pembe. Mama wa Mgeta alifanya hivyo. Msimu uliofuata alizalisha majike 11, na sasa jirani wakinunua beberu humwita yeye kwanza kuja kumpapasa juu.

Ukiwa na hadubini, kusanya shahawa na utazame mara mbili, siku mbili tofauti, kabla ya kumhukumu mnyama wa mtu. Na kama beberu alipata homa kali au pumbu lake liliumia, usimpime wiki ile. Siku 48 za kutengeneza mbegu na wiki moja au mbili za safari ndani ya epididimisi zinakupa miezi miwili. Andika tarehe ya ugonjwa kwenye daftari la mfugaji, hesabu siku 60, ndipo urudi.

Za mezani zikishamaliza kazi zifukie kina cha mkono mzima, mbwa wasizifukue, uso wa meza uoshwe kwa dawa ya klorini, na glovu zichomwe.